Ufunguo Ulioomba Lifti

Saa kumi na dakika ishirini jioni, siku ya Jumapili, ufunguo uliingia kwenye kufuli la maabara hadi mwisho na ukakataa kuzunguka.

Msimamizi wa maabara, ambaye wanafunzi walimwita Bi Kipimo wakidhani hajui, hakuulazimisha. Aliuchomoa, akaufuta kwa pindo la koti, akaujaribu tena. Kisha akausogeza karibu na macho. Ulikuwa wa shaba, wenye meno matatu, na kwenye tundu lake kulikuwa na uzi wa buluu uliofungwa kwa fundo alilolifunga yeye mwenyewe. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa jino la katikati, ambalo lilikuwa fupi kwa kiasi cha unene wa ukucha.

Haukuwa ufunguo wa maabara. Ulikuwa ufunguo wa nyumba aliyolala usiku uliopita, kilomita mia mbili na kumi na nne kutoka hapo.

Alitua begi, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akaanza kutafuta kosa lilikoanzia. Halikuwa mbali.

Kwa miaka mitatu Bi Kipimo alikuwa akisafiri mwisho wa juma kwa kuomba lifti na kulala kwa wenyeji waliokubali kumpokea. Safari hii ilikuwa ya thelathini na moja. Alikuwa na sheria zake. Begi lisizidi kilo nne. Asimpungie dereva mkono kama anayezama, bali asimame pale ambapo gari litapunguza mwendo lenyewe. Kila dereva aliandikwa kwenye daftari: kazi yake, njia yake, saa ya kuondoka, saa ya kufika, namba ya simu. Na kila nyumba aliyolala aliacha kazi moja imefanyika.

Mwenyeji wa safari hii alikuwa fundi cherehani, mjane mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, aliyeishi vyumba viwili nyuma ya duka lake. Jumamosi jioni Bi Kipimo alilinganisha utepe wa kupimia wa yule fundi na rula ya chuma, akagundua kwamba utepe umevutika kwa sentimita moja na nusu.

"Ina maana miaka yote hii nawashonea watu nguo za uongo?" fundi aliuliza, mikono kiunoni.

"Hapana. Unapima na kukata kwa utepe uleule. Kosa linajifuta."

"Basi mwache alivyo, mzee wa watu. Tumezoeana."

Kwa kuwa kazi ya utepe ilikataliwa, Bi Kipimo alitafuta nyingine. Ufunguo wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa kilichochanikachanika, cheusi kwa mafuta ya cherehani. Alikikata, akaweka uzi wa buluu, uleule anaotumia maabara, kwa fundo lilelile. Hilo lilikuwa kosa ambalo mtu mchafu asingeweza kulifanya.

Asubuhi fundi alitoka mapema kupeleka sare za wateja. Walikuwa wamekubaliana mgeni afunge mlango na kuutundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya sanduku la mita ya umeme. Ufunguo wa maabara ulikuwa kwenye mfuko wa koti, kwa sababu kanuni ya wiki ya mtihani inasema anayeutunza asitengane nao. Bi Kipimo alibana kufuli la nyumba, akatia ufunguo mfukoni ili apate mkono wa kuvalia begi, kisha akautoa na kuutundika. Aliutoa mmoja kati ya mbili. Hakuangalia meno. Aliangalia uzi.

Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, wanafunzi arobaini na sita walikuwa wafanye mtihani wa vitendo wa kemia ndani ya maabara ile. Myeyusho ulikuwa tayari tangu Ijumaa, vyombo vimeoshwa, meza zimepewa namba. Kilichobaki ni kujaza bureti, mirija ya kioo yenye vipimo, na kugawa chupa, kazi ya dakika hamsini. Ndiyo sababu alijiruhusu kusafiri.

Ufunguo wa pili haukuwepo. Ulikatikia ndani ya kufuli mwezi wa tatu.

Saa kumi na dakika thelathini na moja alimpigia fundi cherehani.

"Mgeni wangu! Umefika salama?"

"Nimefika. Uko wapi?"

"Niko mlangoni kwangu, nahangaika kama mwizi asiyejua kazi. Ufunguo wangu umegoma, bibie. Umeufanya nini? Si ulikuwa unaurembesha tu?"

"Huo si wako. Wako ninao mimi. Huo ni wa maabara."

Upande wa pili kicheko kikapasuka, kikaendelea hadi fundi akakohoa.

"Kwa hiyo mimi nimefungiwa nje na wewe umefungiwa nje, na funguo zote tunazo!"

"Ndiyo."

"Na husemi hata 'masikini'!"

"Masikini," alisema Bi Kipimo. "Unaweza kuingia ndani?"

"Dirisha la jikoni halijafungika tangu marehemu mume wangu alipolitengeneza. Jirani ana ngazi. Wewe usinihofie mimi, jihofie wewe."

Alimwomba asubiri karibu na simu, akafungua daftari.

Mtu mwingine angerudi barabarani mara moja. Daftari lilisema vinginevyo. Katika safari thelathini na moja, kupata lifti ya kutoka mjini Jumapili jioni kulimgharimu wastani wa saa mbili na dakika hamsini. Kuingia mjini, saa zilezile, wastani ulikuwa dakika kumi na nane. Jumapili jioni magari yote huelekea mjini. Angeufuata ufunguo, angekwenda kinyume na magari hayo. Ufunguo ukimfuata yeye, ungekwenda nayo.

Kwa hiyo ufunguo ndio uliopaswa kuomba lifti.

Alipitisha kidole kwenye orodha na kukisimamisha kwenye safari ya ishirini na mbili. Dereva wa lori la vitunguu, anaitwa Mzee Taratibu. Hupakia soko la mji wa fundi cherehani, huondoka Jumapili saa kumi na mbili jioni, huendesha kilomita arobaini na tano kwa saa hata kwenye mteremko. Hufika kituo cha mizani saa tatu usiku, kisha huchepuka kaskazini. Hapo palikuwa kilomita mia moja na thelathini kutoka kwa fundi. Zilibaki themanini na nne.

Safari ya tisa: karani wa mizani, mwenyeji, hulala nyumba za wafanyakazi palepale kituoni. Kazi iliyofanyika: kunyoosha mlango wa kabati.

Safari ya kumi na saba: dereva wa lori la maziwa, mama wa watoto wanne, anaitwa Mama Breki kwa sababu hazigusi. Hupita mizani saa kumi na moja kasorobo alfajiri, huingia mjini saa kumi na mbili na robo. Hasimami popote isipokuwa mizani, maana chombo kilicho chini ya usukani huhesabu kila kituo na kiwanda humtaka atoe maelezo.

Simu tatu. Mzee Taratibu alipokea ya kwanza akiwa bado anapakia.

"Namkumbuka," alisema, kama vile anamzungumzia mtu mwingine. "Yule mama aliyeniambia kioo changu cha kushoto kimekaa upande. Nimekinyoosha. Ufunguo uletwe kabla sijafunga turubai. Nikishafunga turubai sifungui."

"Utafika mizani saa tatu?"

"Mama, umeandika mwenyewe."

Karani wa mizani alisema kabati bado linafunga vizuri, na kwamba angeupokea ufunguo hata akiwa usingizini. Mama Breki alikubali kwa sharti moja.

"Mimi mjini sisimami. Kiwanda kiko kilomita tisa ng'ambo ya shule yako, na mimi barabara yenu siipiti. Tafuta pa kunidaka."

"Tuta la mbele ya kituo cha zimamoto. Pale hata wewe hupunguza mwendo."

"Pale hupunguza, kweli," alikiri Mama Breki kwa uchungu kidogo. "Simama upande wa dereva. Usilale usingizi."

Alimpigia fundi cherehani tena, akamtuma sokoni na ufunguo. Ilikuwa imebaki simu ambayo hakuitaka, nayo akaipiga saa kumi na moja kamili. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa hesabu, aliyependa jibu kabla ya maelezo. Alimpa jibu kwanza.

"Maabara haifunguki. Ufunguo uko kilomita mia mbili na kumi na nne. Utafika kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Utafika na nani?"

"Na lori la vitunguu, halafu lori la maziwa."

Mkuu alipumua kwa nguvu. "Nilikuambia hizi safari zako za kudandia zitakutokea puani. Mtu mzima, mtumishi, anasimama barabarani kama gunia lililosahauliwa!"

"Ndiyo, Mkuu."

"Sasa sikiliza. Kesho saa moja kamili fundi wa kuchomelea atakuwa mlangoni na mashine ya kukatia chuma. Ikipita dakika moja, anakata. Mlango ukikatwa natoa taarifa, mtihani unaahirishwa, watoto arobaini na sita wanarudi makwao. Na wewe maabara hii hutaikanyaga tena. Nitakuhamishia stoo ya madaftari."

"Saa moja kamili," alirudia Bi Kipimo, akaandika.

Nyumbani, dada yake mkubwa, mkunga mstaafu aliyeishi naye katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, alisikiliza habari yote akiwa anachambua mchele. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja.

"Na unaweza kula?"

"Kwa nini nisiweze?"

"Basi wewe si binadamu. Leta sahani."

Saa kumi na mbili na dakika tano ulikuja ujumbe wa fundi cherehani: amefika sokoni, turubai lilikuwa limebaki kamba moja, Mzee Taratibu ameutia ufunguo kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Fundi aliongeza kwamba ameingia ndani kwa dirisha na kwamba jirani amejitolea kushika ngazi kwa bidii isiyo ya kawaida. Saa tatu na dakika nne usiku uliingia wa karani: umepokelewa. Bi Kipimo aliandika saa zote mbili, akazima taa, akalala. Dada yake, ambaye halikuwa jambo lake, hakulala.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi alikuwa tayari kwenye tuta la zimamoto. Mtu wa pikipiki ambaye walikuwa wamepatana ampeleke shuleni alipiga simu wakati huohuo: tairi la nyuma limepasuka. Kutoka pale hadi shule ni kilomita saba. Alifungua daftari, ukurasa wa barabara za mjini. Hapo tutani, asubuhi ya kazi, kuelekea shuleni: alikwisha kuomba lifti mara kumi na mbili, wastani wa kusubiri dakika sita. Alilifunga.

Saa kumi na mbili na robo lori la maziwa halikutokea. Na dakika ishirini, halikutokea. Na dakika ishirini na tano karani alituma ujumbe: palikuwa na foleni ya malori ya saruji, Mama Breki alichelewa kutoka kwa dakika ishirini. Bi Kipimo alijumlisha. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Akiongeza dakika sita za kusubiri na kumi na tatu za njiani, angefika shuleni saa moja kasoro dakika sita. Ilitosha, ilimradi kila namba ikae mahali pake.

Ni hapo, kwa mara ya kwanza tangu jana, alijumlisha namba zilezile mara ya pili. Jibu lilikuwa lilelile.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita tangi jeupe lilitokeza kwenye kona likiunguruma. Taa zikawashwa mara mbili. Lori lilifika tutani, likanyanyua magurudumu ya mbele polepole kama anayepima maji kwa mguu, na mkono mnene wenye bangili ukatoka dirishani na bahasha ndogo.

"Shika, mwalimu!"

Bi Kipimo alikimbia sambamba na mlango. "Mimi si mwalimu!"

"Basi shika hivyohivyo!"

Alishika. Lori halikusimama hata nusu sekunde. Lilishuka tuta, likapiga honi ndefu iliyowatoa wazimamoto wawili nje, likaenda zake.

Bahasha ilikuwa karatasi ya mizani iliyokunjwa mara nne. Karani alikuwa ameijaza kama sheria inavyotaka: *Mzigo: ufunguo mmoja. Uzito: chini ya kiwango cha kusomeka. Uamuzi: upite.* Ndani yake kulikuwa na shaba, meno matatu, jino la katikati refu. Safari hii alitazama meno kwanza.

Alisogea hatua kumi mbele ya tuta, akasimama wima, kiganja wazi usawa wa kiuno. Magari yalipita. Alihesabu kumi na moja. La kumi na mbili, jeusi, safi, lililoendeshwa na dereva asiyependa kuchelewa, lilipanda tuta, likashuka, likasimama. Kioo kikateremka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, na aliyekuwa nyuma ya usukani alikuwa Mkuu wa shule.

Walitazamana.

"Kumbe ndivyo inavyofanyika," alisema Mkuu.

"Ndiyo. Nikupe nafasi ya kuondoka?"

"Panda, panda! Unazuia magari."

Alipanda, akafunga mkanda, akaandika saa. Mkuu alimtupia jicho.

"Unaandika nini?"

"Kazi ya dereva, njia, saa ya kuondoka. Namba yako ninayo."

Walikwenda kilomita mbili. Kwenye taa nyekundu ya kwanza Mkuu alinyoosha mkono bila kugeuka. Bi Kipimo aliweka karatasi ya mizani kiganjani mwake. Mkuu aliisoma, akairudia, na kona ya mdomo wake ikafanya jambo ambalo halikuwa la kiofisi.

"Huyu karani ameajiriwa kweli?"

"Miaka kumi na minne."

"Na hawa watu umewapa nini?"

"Huyo nilimnyooshea mlango wa kabati. Wa vitunguu nilimwambia kioo chake kimekaa upande."

Taa iligeuka kijani. Mkuu aliendesha kidogo, kisha akarudisha sauti yake ya kazini. "Lakini yote haya yametokea kwa sababu ufunguo wa maabara ni mmoja. Ufunguo mmoja! Wa akiba uko wapi?"

"Ulikatika mwezi wa tatu. Ombi la kuchongesha mwingine liko mezani kwako tangu mwezi huohuo. Ombi la pili liko juu yake, tangu mwezi wa sita."

Taa mbili zilizofuata zilikuwa za kijani, lakini kwenye ya pili Mkuu alipunguza mwendo kana kwamba ni nyekundu.

Saa moja kasoro dakika tano gari liliingia langoni. Mbele ya maabara fundi wa kuchomelea alikuwa tayari ameshavaa miwani, waya umeshavutwa kutoka ofisini, mashine iko mkononi. Wanafunzi kumi na wawili waliowahi walikuwa wamesimama kwenye nyasi na vitambulisho vyao, wakitazama mashine ile kama watu wanaotazama daktari wa meno.

"Nikate?" fundi aliuliza.

"Ngoja," alisema Mkuu.

"Umesema saa moja."

"Saa moja bado dakika tatu, bwana. Huna saa?"

Bi Kipimo aliuingiza ufunguo hadi mwisho. Ulizunguka. Kufuli liliruka kwa mlio mmoja mkavu, na kwenye nyasi mmoja wa wanafunzi akapiga kelele, "Bi Kipimo!" Kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa kuwa jina lile halikuwahi kutamkwa mbele yake. Wengine kumi na mmoja hawakuziba midomo. Walipiga makofi, wakaliita tena, na tena, hadi madirisha ya madarasa ya jirani yakafunguliwa.

"Mko arobaini na sita," aliwaambia, bila kugeuka. "Nawaona kumi na wawili. Waiteni wenzenu."

Alivaa koti jeupe. Mkuu wa shule alisimama mlangoni kwa dakika moja, kisha akavua saa ya mkononi, akakunja mikono ya shati, akauliza bureti zinajazwa hadi wapi.

"Hadi sifuri. Upande wa chini wa mbonyeo uguse mstari, si wa juu. Inama, macho yawe sawa nao."

Aliinama. Alijaza kumi na tisa. Bi Kipimo alikagua zote kumi na tisa, akarekebisha mbili. Wasimamizi wa mtihani walifika saa mbili kasoro dakika kumi wakakuta bureti ya arobaini na sita ilijazwa dakika tatu nzima zilizopita. Saa mbili kamili kengele ililia, na wanafunzi arobaini na sita wakashika kalamu.

Mtihani uliisha saa nne na nusu. Karatasi zilihesabiwa, zikafungwa, zikachukuliwa. Saa tano, juu ya meza ya maabara, Bi Kipimo alikuta barua mbili zake mwenyewe, ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa sita, zote zimetiwa sahihi siku ileile. Chini ya ya pili Mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Zichongwe mbili. Moja ikae kwangu.*

Saa sita mchana alikuwa kwenye geti la kiwanda cha maziwa, wakati tangi tupu likitoka. Ufunguo wa fundi cherehani ulipita kwa Mama Breki, ukalala kabatini kwa karani wa mizani, na Jumanne mchana ukapanda lori la Mzee Taratibu likirudi na magunia matupu.

Jumanne, saa kumi na robo jioni, ujumbe uliingia.

*Umefika. Umefungua. Jirani ameomba ngazi yake, kwa masikitiko. Uzi nimeutoa, nimeweka mwekundu.*